Posa ya Macho Mawili

Mwalimu wangu hakuwa mtu wa suali moja. Ukimletea samaki mlangoni atakuuliza wamevuliwa wapi na nani, na huyo aliyevua ana watoto wangapi, na yule mkubwa anasoma au ameacha, na kama ameacha, asubuhi ya kwanza aliyobaki nyumbani alifanya nini. Muuza samaki kaja kuuza changu wake tu, maskini, na anaondoka hapo keshaeleza ukoo mzima, jua limempata na changu wameanza kulegea. Watoto wa mtaa wetu wa Tibirinzi walimwita Bi Masuali. Alilijua jina hilo na akilipenda, ingawa mbele yake sote tulimwita Mwalimu.

Kufundisha alikuwa ameacha zamani. Nilipoanza kazi kwake alikuwa mtafiti wa saikolojia ya vijana, kazi ambayo mtaani kwetu haikuwa na jina. Shangazi yangu alisema ni umbeya wenye mshahara. Maneno yakamfikia Mwalimu, kama maneno yote yanavyofika Tibirinzi, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwambie shangazi yako kakaribia," aliniambia. "Ila mbeya ataka kujua nani kaanguka. Mie nataka kujua alivyoinuka."

Hilo ndilo lililomshughulisha maisha yake yote ya kazi. Vijana wawili wamefiwa na baba mwaka mmoja, wameacha skuli muhula mmoja, nyumba zao zinatazamana. Mmoja anadidimia, mwengine anakwenda. Huyu wa pili kashikwa na nini hata asianguke? Na kinachomshika kijana wa Pemba ndicho kile kile kinachomshika kijana wa huko mbali vilikoandikwa vitabu? Aliweza kulizungumza jambo hilo na daktari, na konda, na fundi aliyekuja kutengeneza bomba la maji. Fundi yule alikuwa akitoza kwa kazi, si kwa muda, na nadhani alijuta.

Mimi aliniokota. Nilikuwa nimefeli kidato cha nne, nimejifungia chumbani, na wageni wote waliokuja nyumbani walinipa pole kwa sauti ya msibani. Mwalimu aliingia na hakunipa pole. Aliniuliza kama naweza kuandika haraka. Nikasema naweza. Akaniuliza kama naweza kunyamaza. Nikasema hilo sina hakika nalo. "Basi kesho asubuhi njoo, tutajaribu yote mawili," akasema, akatoka bila ya kunywa chai ya mama. Mama hajamsamehe ile chai mpaka leo.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa Kojani, na ilikuwa kichekesho. Tulivuka na madodoso, yaani karatasi za masuali, yaliyotungwa mbali na kutafsiriwa na mtu ambaye kwa hakika hajapata kukaa na kijana wa Kipemba. Unamsomea mtu: "Ninapopata matatizo, najua nitayashinda." Anatakiwa aseme kama anakubali sana, anakubali kidogo, au hakubali. Vijana wa Kojani walikubali sana. Walikubali sana kila kitu. Mmoja wao, Kombo, mvuvi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo, alikuwa akisema "sana" kabla sijamaliza kusoma. Tulipojumlisha ikaonekana duniani hakuna vijana wenye moyo imara kama wa kisiwa kile. Wakubwa wa mradi wakatupongeza.

Mwalimu hakufurahi hata kidogo. Kwetu mtu mzima akikuuliza hali, huna ruhusa ya kuwa na hali mbaya. Unasema alhamdulillahi kwanza, halafu ndiyo unatafuta pa kukaa. Kumwambia mgeni kwamba mambo ni magumu ni kumlalamikia Mola wako mbele za watu, na ni kuivua nguo nyumba yenu. Juu ya hayo, mtoto mwenye adabu hampingi mkubwa, na zile karatasi zilikuwa zinasema kwa sauti ya mkubwa. Mwalimu aliyajua yote haya tangu yuko mgongoni kwa mama yake, na bado alivuka maji nazo. "Nimesoma mpaka nimesahau kwetu," alisema tukirudi, akacheka peke yake njia nzima.

Dawa aliipata msimu wa karafuu. Karafuu zikishachumwa lazima zichambuliwe, makonyo, vile vijiti vyake, kando na karafuu kando, na kazi hiyo hufanywa jioni, watu wamekaa kwenye majamvi kuzunguka lundo, mikono inakwenda na macho yako chini. Pale hapana anayemtazama mwenziwe usoni. Na mtu asiyetazamwa usoni huzungumza.

Basi Mwalimu akajikaribisha kwenye jamvi la nyumba moja ya vilimani, nje ya Chake, na mimi nyuma yake. Alikuwa mchambuaji mbovu. Makonyo yake yalikwenda na karafuu nzima nzima, na kila akigeuka mwenye nyumba alikuwa akilipitia upya fungu lake kwa siri. Jioni ya mwanzo hakuuliza kitu, na naamini ilimuuma tumbo. Jioni zilizofuata akaanza, lakini masuali yalikuwa mapya. Hakuuliza tena kama mtu anajiamini. Aliuliza, "Siku ile uliyokataa kula, nani aliyekuletea sahani?"

Kombo alikuwepo pale. Alikuwa amekuja kuchuma, kama wanavyokuja vijana wengi mwaka ukiwa mzuri. Aliendelea kuchambua, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema chini chini. Kaka yake alikwenda dago, kule wavuvi wanakopiga kambi mbali na kwao, na hakurudi. Kombo akaacha skuli, akalala. Alilala mchana na usiku, mama yake akiweka chakula na kukiondoa vile vile.

"Kisha akaja muadhini," alisema. "Mie n'najua kaja kunipa mawaidha, nikajifunika shuka. Hakunipa. Kasema kifua chamuuma, sauti hana, na alfajiri hapana ntu wa kuadhini. Kanambia, 'Weye si ndo una sauti?' Basi, kaondoka."

"Ukenda?" Mwalimu akauliza, macho yako kwenye karafuu.

"N'ngefanyaje? Kijiji kizima wangelala."

"Na kifua chake kikapoa?"

"Kifua kilikuwa kizima, Mwalimu. N'kaja kujua baadaye. Kanidanganya yule mzee."

Watu wote wa jamvini wakacheka, na Kombo akacheka nao. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amejiinamia, anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Tangu siku ile alikuwa na neno lake moja ambalo alitukaririsha wasaidizi wote waliopita kwake: usimuulize kijana ana nguvu kiasi gani, muulize anangojwa wapi. Alilisema kwenye mikutano ya wasomi, na alilisema kwenye foleni ya mkate.

Kwa haya niliyoyasimulia utadhani alikuwa mpole. Hakuwa. Ukichelewa kazini alikuwa na maneno ya kukutosha wiki, na yeye mwenyewe hajapata kuiwahi harusi hata moja. Akifika watu wanakunja majamvi. Alipenda haluwa kupita kiasi, akaiweka chini ya kitanda, na ukimkuta anaila alikwambia ameitoa kwa ajili yako. Alishikilia kwamba mtafiti haingilii maisha ya watu, huuliza akaondoka. Alinihubiria hivyo asubuhi moja tukiwa njiani kwenda Msuka, na mchana nikamkuta jikoni kwa watu amembana baba mmoja aliyemtoa binti yake skuli. Yule baba alijaribu kujieleza. Akaulizwa masuali mfululizo mpaka akaona bora binti arudi darasani, yeye apate kupumzika.

"Mwalimu, hatukusema haturuhusiwi kuingilia?" nikamuuliza tulipotoka.

"Nani kaingilia?" akasema. "Nimemuuliza tu."

Lakini la ajabu kuliko yote ni kwamba mtu huyu, aliyetufundisha kuwa hakuna kijana anayesimama bila ya kushikwa, mwenyewe hakukubali kushikiwa hata mkoba. Akiumwa alifunga mlango. Ukimpelekea uji aliupokea dirishani, akakurudishia bakuli siku ya pili limeoshwa na limejaa visheti, wala hakukwambia ameamkaje. Na hapo ndipo tulipopata mtihani, kwa sababu miaka ilipopita macho yake yakaanza kufa. Daktari alimweleza wazi kwamba ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, kwamba upasuaji wake ni kazi ya asubuhi moja, na kwamba akikaa hivyo hivyo ataishia gizani. Mwalimu akamshukuru daktari, akarudi nyumbani, na hakwenda tena.

Akaanza kujifanya anaona. Alilitolea salamu tangi la maji la jirani, akalingoja liitikie, na lilipokaa kimya akaniambia watu wa siku hizi hawana adabu. Shoga yake alimletea picha ya mjukuu aliyezaliwa, Mwalimu aliishika miguu juu kichwa chini, akaitazama sana, akasema, "Mashaallah, kafanana na baba yake." Alinitilia chumvi kwenye chai, akakaa akinisikiliza ninavyoinywa. Niliinywa yote. Tulicheka sana nyuma ya mgongo wake, na tukisha kucheka tulikuwa tunajisikia vibaya.

"Nimeona mengi," alisema ukimgusia hospitali. "Niliyoyaona yatosha." Siku nyengine alisema akitibiwa ataliona vumbi la nyumba yake, apate maradhi ya pili. Mpwa wake alimpigia simu kutoka Unguja, akaulizwa kuhusu ndoa yake mpaka salio likamwishia. Imamu alikuja na aya na hadithi, akaondoka ameeleza namna alivyoacha sigara. Mimi nililia mbele yake, na hata hilo halikunisaidia, kwa kuwa alitaka kujua nalilia macho yake au nalilia kitu chengine.

Kisha akanyamaza. Alikaa barazani na watu wakapita, na kwa kuwa hakujua nani anapita, hakuwaita. Muuza samaki akaweka chini changu wake, akauza, akaondoka zake mapema. Hilo lilinitisha kuliko ile chumvi. Mwalimu bila ya masuali alikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama, na nilijua tukimwacha hivyo atakachopoteza si macho tu.

Nikampigia simu Kombo. Siku hizi ni mtu mzima mwenye mke na watoto, bado anavua, na bado ukizungumza naye inabidi simu uiweke mbali na sikio. Nikamweleza.

"Nyie mmekosea tokea mwanzo," akasema. "Mkubwa haambiwi nenda. Mkubwa hupelekewa posa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Posa kwetu ina heshima zake: watu wakikujia kwa posa lazima uwakaribishe, uwasikilize mpaka mwisho, wala huwapi jibu la hapana usoni. Unaomba muda, unajibu baadaye. Kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake, hiyo ilikuwa hila ya kutosha.

Tukaenda baada ya sala ya alasiri, Kombo mbele na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuwepo yule binti wa Msuka, sasa mwalimu wa skuli, na wengine katika wale vijana tuliowahi kukaa nao jamvini. Mimi nilibeba sinia la haluwa lililofunikwa kitambaa. Mwalimu alisikia miguu mingi, akatukaribisha kwa wasiwasi, tukakaa. Kombo akakohoa kama wanavyokohoa washenga.

"Mwalimu, sie tumekuja kwa kheri. Tumesikia nyumba hii ina mabanati wawili, pacha, wazuri, wamewekwa ndani muda mrefu hawatoki. Tumekuja kuwaposa."

"Mabanati gani? Nyumba hii nakaa peke yangu."

"La kulia na la kushoto," Kombo akasema.

Mkono wa Mwalimu ukapanda taratibu ukagusa miwani, ukashuka. Mimi nilikuwa naangalia mlango, niko tayari kukimbia.

"Bwana harusi nani?" akauliza.

"Daktari."

"Anao wengine?"

"Anao wengi, wala hajatokea aliyerudi kwao analalamika."

"Tabia yake? Aswali? Mkono wake watetemeka?" Yakaja masuali kama zamani, moja juu ya jengine, na Kombo akayajibu yote bila ya kucheka, na lile la mkono alilijibu mara mbili kwa kuwa Mwalimu alilirudia. Nikashukuru kimoyomoyo, maana nilikuwa na hamu na masuali yale.

"Na mahari?" akauliza mwisho.

"Mahari ni haluwa hii, na sie wenyewe. Wa kukupeleka yupo. Wa kulala nawe yupo. Wa kukupikia yupo. Tushagawana." Kisha Kombo akaishusha sauti yake, na Kombo akishusha sauti watu husikiliza. "Mwalimu, sie hatujaja kukutazama una nguvu kiasi gani. Tumekuja kukwambia wangojwa."

Mwalimu alipapasa ukingo wa sinia. Halafu akajiweka sawa, akavuta mtandio, akajibu kama inavyotakiwa: "Tumesikia maneno yenu, na nyie ni watu wa heshima. Mtupe muda tuwaulize wazee wetu."

Wazee gani, wakati yeye ndiye aliyebaki, hatukuthubutu kumuuliza. Tukaaga. Njiani Kombo alikuwa na furaha, kwa sababu posa ikikataliwa vitu hurudishwa, na sinia lilikuwa limebaki ndani. Nilimwambia asijitie matumaini. Haluwa ikishaingia nyumba ile hairudi, iwe posa imekubaliwa au imekataliwa. Tukangoja. Siku zikapita nikaanza kuona tumefanya mchezo wa kitoto. Ndipo simu ikalia, na sauti yake ikasema bila ya salamu, "Mwambieni bwana harusi wazee wamekubali. Ila aanze na mmoja, tumuone tabia."

Mwaka ule na mimi nilikuwa nimeachika. Sikumwambia Mwalimu, nilimuona ana lake. Kila nikifika kwake niliingia na sauti ya harusini, na kwa kuwa hanioni, sauti ilitosha. Sauti yangu naiweza. Uso wangu siuwezi.

Asubuhi ya upasuaji tulikaa wawili kwenye benchi la ukumbini, yeye na gauni la hospitali, amejikunja kidogo ndani yake. Kombo alikuwa nje anamweleza mlinzi mambo ambayo wagonjwa wote waliyasikia.

"Mize," Mwalimu akaniita. "Niulize."

"Nikuulize nini, Mwalimu?"

"Weye si msaidizi wangu? Niulize."

Nilitafuta suali la maana, sikulipata. Nikamuuliza lililokuwepo. "Unaogopa?"

Alikuwa anasikiliza viatu vya wauguzi vikipita.

"Naogopa sana," akasema. "Tokea siku ile ya daktari naogopa. Nalala naogopa, naamka naogopa. Kisu jichoni, mwanangu. Na n'takwenda kumwambia nani, mie niliyewaambia vijana wa kisiwa kizima waseme?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na haukujitoa. Muuguzi alipomwita alisimama bila ya kuuachia, tukatembea hivyo hivyo, na pale mlangoni muuguzi akaniambia mimi mwisho wangu hapa. Mwalimu akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mngoje kidogo huyu. Namshikilia mie." Wakangoja.

Kesho yake wakamfungua bandeji ya jicho la kulia. Alipepesa sana, machozi yakamtoka, akafutwa. Mtu wa kwanza kumuona alikuwa muuguzi, na kabla hajampa ahsante alikuwa ameshamuuliza kwao wapi na wamezaliwa wangapi. Nilicheka kwa furaha mpaka nikaegemea dirisha. Akamtazama Kombo juu mpaka chini, akasema, "Kumbe una mvi, na kelele zote hizo." Kombo akajishika kidevu, hajui acheke au aombe radhi.

Kisha akanigeukia mimi. Nikatoa tabasamu. Alinitazama, akaendelea kunitazama, na lile tabasamu likaanza kunichosha mashavu.

"Kombo," akasema bila ya kuniondolea jicho, "katutafutie chai."

Kombo akatoka. Mwalimu akasogea kidogo kitandani, akapapasa godoro pembeni yake.

"Umekonda," akasema. "Kaa kitako, unambie."

Jibu la adabu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananiona. Nikakaa, nikamwambia.